Kipande kimoja, udongo tofauti: kisa cha vijana wa matengenezo katika pori la akiba

Kisa hiki kinahusu vijana 22 waliochukuliwa kutoka vijiji vitatu vinavyopakana na pori moja la akiba magharibi mwa Tanzania, wafanye matengenezo kwa wiki kumi. Nilikuwa mratibu wa kazi hiyo. Nimeondoa jina la pori, la vijiji, la mfadhili na la kila mtu. Tarehe na vipimo nimeviacha kama vilivyo, kwa sababu bila vipimo kisa hiki hakielezeki: ugomvi wote ulianzia kwenye futi kamba.

Usuli

Pori lenyewe ni la miombo. Mvua huanza Novemba na kukatika Aprili, halafu miezi sita hainyeshi tone. Barabara kuu ya doria ina kilomita 22 na inapita kwenye ardhi za aina tatu. Kilomita nane za mwanzo ni kichanga chekundu, katikati kuna changarawe, na mwisho, kuelekea mto, ni udongo mweusi ambao huku kwetu unaitwa mbuga. Ukilowa unavimba na kunata hadi gari linakaa humo siku mbili. Ukikauka unapasuka mianya ya kuingiza mkono na kuwa mgumu kama tofali la kuchoma.

Kila mwaka mvua huziba mitaro kwa mchanga na majani. Mtaro ukiziba, maji hupanda barabarani, na yakishapanda barabarani hugeuza barabara kuwa mto. Watu husema magari ndiyo yanayoharibu barabara za porini. Nimezifanyia kazi miaka mingi na naweza kusema bila wasiwasi kwamba ni maji. Kazi ya matengenezo ni kuyapa maji njia yao: kuzibua mitaro, kufungua matoleo ya kuyamwaga porini, kurudisha mgongo wa barabara ili yasituame, na kupanga vizuizi vya mawe kwenye miteremko yasikimbie kwa kasi.

Kazi ya pili ilikuwa mikuza ya moto, kilomita 18, upana wa mita sita, kuzunguka vituo viwili vya doria na eneo la mizinga ya nyuki ya wanakijiji. Mkuza ni ukanda uliofyekwa na kuparuliwa hadi udongo uonekane. Unatakiwa uwe tayari kabla ya uchomaji wa mapema, ule moto mdogo unaowashwa nyasi zikiwa bado na unyevunyevu, ili Agosti na Septemba moto mkubwa usikute chakula. Kazi ya tatu ilikuwa kukarabati vituo hivyo viwili: mapaa, matangi ya maji, vyoo.

Kwa vijana wale pori lile halikuwa mahali pa kazi. Kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 huingii pori la akiba bila kibali, na karibu kila familia ya vijiji hivyo ina mtu aliyewahi kukamatwa humo akiwa na ng'ombe au akirina asali. Walikuwa wamekua wakilitazama pori kwa mbali na kumkimbia mwenye sare. Sasa tuliwaambia waje walale humo wiki kumi, na mwenye sare huyohuyo awe mlinzi wao.

Namna walivyopatikana

Mfadhili alitaka kijana awe na umri wa miaka 18 hadi 30 na asiwe na rekodi yoyote ya kuingia porini kinyume cha sheria. Sharti la kwanza halikuwa na shida. La pili lilituletea kwenye orodha ya kwanza vijana wa senta, wauza vocha na waendesha bodaboda, ambao wengi wao hawakuwahi kushika kwanja la kufyekea. Waliolijua pori, wanaojua njia ya tembo na mahali maji yanapobaki Julai, walikuwa nje kwa sababu ya debe moja la asali.

Tuliomba sharti lilegezwe: mwenye kesi ya ujangili wa kuua mnyama abaki nje, lakini mwenye faini ya mifugo au asali, aliyekwisha kuilipa, akubaliwe iwapo mkutano mkuu wa kijiji utamthibitisha mbele ya watu. Mhifadhi mkuu wa pale alisita. Hoja yake ilikuwa ya haki kabisa: askari wake watafanyaje kazi pamoja na mtu waliyemfunga pingu mwaka juzi? Alikubali kwa sharti kwamba askari mwenyewe aliyehusika aulizwe. Askari huyo aliulizwa, akasema hana neno. Tukapata 22, wanawake sita kati yao, na watano wenye historia hiyo.

Katika mkutano mmoja kulizuka jambo ambalo sikulipa uzito. Nilieleza kwamba malipo yatakuwa kwa kipande: kila mtu atapimiwa sehemu yake asubuhi, akimaliza amepata siku yake, shilingi 8,000. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akasimama. Katika ujana wake aliwahi kwenda manamba, yaani kibarua cha mkataba, kwenye mashamba ya mkonge Tanga.

"Samahani mwanangu," akasema, "hicho kipande, nisipokimaliza, siku yangu inaandikwa au haiandikwi?"

Nikamjibu kwamba asiyemaliza atamalizia kesho yake.

"Basi nakijua," akasema, akakaa.

Waliokwenda manamba walipewa kadi ya kazi ya siku thelathini, nayo pia iliitwa kipande. Siku ambayo kazi haikutimia haikuhesabiwa, na ndiyo maana siku thelathini za kadi zilikula miezi ya kalenda. Mzee yule alikuwa ameniuliza swali la msingi la mradi mzima na mimi nilimjibu juujuu.

Yaliyotokea

Tulipanga kuanza tarehe 6 Mei, udongo ukiwa bado na unyevu. Fedha ilipitia ngazi tatu za idhini na ikafika Juni. Tulianza tarehe 10. Wiki tano hizo kwenye karatasi ni ucheleweshaji mdogo. Kwenye udongo mweusi ni tofauti kati ya jembe linalozama na jembe linalorudi na mlio.

Siku ya kwanza tuligawa vifaa: mapanga na makwanja thelathini, majembe, sururu, machepe, matoroli manne, na ovaroli mpya za bluu iliyokoza. Kufika saa tatu asubuhi vijana walikuwa wakijichapa migongo kwa matawi. Ndorobo, wale mbung'o, walikuwa wamewajaa kama nyuki. Mitego ya ndorobo inayotundikwa porini hutengenezwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi kwa sababu rangi hizo huwavuta, na askari wote wa pori wanalijua hilo. Aliyeagiza ovaroli alikaa mjini, hakumuuliza yeyote, nami niliziona kwenye boksi nikanyamaza. Ndorobo wa maeneo haya wanaweza kubeba ugonjwa wa malale, kwa hiyo jambo hili lilizidi kero ya kuumwa. Siku ya tatu ovaroli zote zilikuwa zimeachwa kambini na watu wanafanya kazi na nguo zao za shamba, mikono na miguu wazi.

Vilevile tulikuwa na tupa mbili za kunolea. Makwanja na mapanga thelathini, tupa mbili. Kwanja butu linachukua nguvu mara mbili, na anayepiga kwa nguvu mara mbili ndiye anayejikata.

Kipande cha kuzibua mtaro kilikuwa mita 50 kwa kila mtu, popote alipo. Niliwagawa makundi mawili kutoka ncha mbili za barabara ili kuokoa muda wa kutembea. Kundi la kichangani lilikuwa likimaliza saa nne na nusu asubuhi. Kundi la mbugani lilianza saa kumi na mbili asubuhi na jua likazama wengine wakiwa na mita 20 mbele yao. Mwishoni mwa wiki ya kwanza, wa kichangani walikuwa na siku sita kamili kila mmoja. Mbugani, aliyekuwa na nyingi alikuwa na tatu.

Jumamosi tulishuka kijijini kulipana. Porini hakuna mtandao, kwa hiyo fedha ilitumwa kwa simu ili waikute huko. Wakala wa senta alikuwa na fedha taslimu ya kutosha watu saba. Waliosalia walirudi nyumbani na ujumbe kwenye simu bila noti mfukoni, na baadhi yao walikuwa wa kundi la mbugani ambao ujumbe wenyewe ulikuwa wa shilingi 24,000 kwa juma zima. Jumatatu watatu hawakurudi.

Wiki ya pili, siku ya Jumatano, kijana mmoja wa kichangani alimaliza kipande chake mapema kama kawaida. Tulikuwa na askari mmoja mwenye silaha kwa kila kundi. Askari hawezi kuwaacha kumi kumsindikiza mmoja, na kijana hakuona sababu ya kukaa juani akisubiri wenzake. Akachukua jembe lake akaelekea kambini peke yake, kilomita mbili. Kwenye kona ya korongo akakutana na nyati dume. Alipanda mti mdogo wa mtundu usiozidi mita tatu na akakaa juu yake hadi gari la maji lilipopita. Hakuumia popote. Usiku ule hakula, na asubuhi yake akaomba kuondoka. Tukamwacha aende kwa heshima na malipo yake.

Ijumaa kundi la mbugani halikushika majembe. Hawakupiga kelele. Walikaa chini ya mninga, wakaweka vifaa vyao mstari mmoja, wakamtuma binti mmoja aseme. Alisema maneno machache. "Kaka, hatukatai kazi. Njoo uzibue hizo hamsini wewe na afande, sisi tuwapimie."

Maamuzi na sababu zake

Tulizibua. Mimi na askari, tangu saa moja na nusu hadi saa tano na nusu, watu wawili wenye afya, tukapata mita 19 kwa pamoja. Sikuwahi kujifunza kwa haraka hivyo kazini. Alasiri tukakaa kikao, wote 18 waliobaki, askari wawili, mpishi na mimi. Maamuzi manne yalitoka pale chini ya mninga na moja lilitoka kwa mhifadhi mkuu jioni yake.

La kwanza lilihusu kipimo. Kulikuwa na hoja ya kufuta kipande na kulipa kwa siku. Nilidhani wote wangeitaka. Wa kichangani waliikataa, kwa sababu kipande kiliwapa mchana wao. La kushangaza ni kwamba wa mbugani nao wengi hawakuitaka. Walisema malipo ya siku yatamleta nyapara wa kusimama nyuma yao na kuhesabu mapumziko, na hilo ndilo walilolichukia zaidi. Walichotaka ni kipande cha haki. Tukakubaliana kuwa kila asubuhi watu wawili watachimba kwa muda wa saa moja mahali pa kazi ya siku ile, na kipande kitapangwa kwa walichopata. Ilitulia kwenye mita 50 kichangani, 35 kwenye changarawe na 20 mbugani. Mpimaji angechaguliwa nao wenyewe. Wakamchagua yule binti aliyesema, na akaifanya kazi hiyo hadi mwisho bila kulalamikiwa hata mara moja.

Pamoja na hilo tuliandika kwamba asiyemaliza atalipwa kwa mita alizofanya siku ileile, na hakuna kazi baada ya saa tisa alasiri. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa tisa kwa siku na 45 kwa wiki kabla ya malipo ya ziada, na ziada hailipwi pungufu ya mara moja na nusu. Wale wa mbugani walikuwa wamefanya saa kumi na zaidi mfululizo. Kuita kazi kipande hakukutuondoa kwenye sheria hiyo. Tuliwalipa saa zao za nyuma kwa makadirio waliyokubali.

La pili, kutembea peke yako marufuku. Kipande kinampa mtu sababu ya kuondoka mapema, na pori linampa sababu ya kutoondoka, kwa hiyo ilibidi tuwe na kitu katikati. Tukaweka misafara miwili ya kurudi kambini na askari, saa tano na saa nane. Makundi mawili yakawa moja, lisitandae kuliko sauti ya filimbi inavyofika. Tulipoteza muda wa kutembea niliokuwa nimeuokoa kwa kuwagawa. Sijutii.

La tatu, ovaroli. Hatukuwa na fedha ya mpya. Tulinunua mashati ya mitumba ya kaki na kijani kilichofifia, mikono mirefu, kwenye mnada wa kijiji. Tupa kumi na mbili zilinunuliwa siku hiyohiyo. Muda wa kunoa ukahesabiwa kuwa kazi, dakika ishirini kila asubuhi, na hapo mjadala wa vifaa ukafa.

La nne, fedha taslimu kwa wakala. Mawakala wawili wa vijiji tofauti walianza kuarifiwa Alhamisi kiasi kitakachohitajika Jumamosi. Simu mbili tu, bila gharama nyingine.

Uamuzi wa mhifadhi mkuu ulikuwa mzito kuliko yetu yote: kuiacha barabara na kuhamia kwenye mikuza mara moja. Ilikuwa mwisho wa Juni na nyasi za bondeni zilikwisha kugeuka rangi. Nilimpinga. Nilimwambia kila wiki tunayoiacha mbuga inazidi kuwa jiwe, na tutakaporudi Julai hatutaweza kitu. Akanijibu kuwa barabara ikikosa mtaro inapoteza gari kwa siku mbili, na kituo kikikosa mkuza kinaungua na watu ndani. Tulihamia kwenye mikuza. Wote wawili tulikuwa sahihi, na bei ya usahihi wake iliingia kwenye barabara.

Wiki ya tano, kwenye mkuza, kijana mmoja aliteleza akajipiga kwanja kwenye mguu, juu ya kifundo. Alikuwa na kandambili. Gambuti zilikuwepo kambini jozi kumi kwa watu 18, na zamu yake ilikuwa kesho. Alifungwa jeraha, akapelekwa zahanati kwa pikipiki ya pori, nyuzi sita. Kwa kuwa tuliwasajili wote kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi siku ya mkataba, taarifa ilikwenda na matibabu yakawa na mlipaji. Usajili huo tuliufanya dhidi ya ushauri wa mtu wa hesabu aliyesema vibarua wa wiki kumi hawana haja nao. Jozi nane za gambuti zilizopungua hazikuwa na utetezi wa aina yoyote.

Matokeo

Mikuza ilikamilika yote, kilomita 18, katika wiki nne. Uchomaji wa mapema ulifanyika baada ya hapo, mwezi Julai, ukichelewa kidogo lakini ukiwa salama. Mwezi Septemba moto uliingia kutoka upande wa mashamba, ukafika kwenye mkuza wa kituo cha pili na kufia hapo. Mizinga haikuguswa.

Barabara tulifanya kilomita 13 kati ya 22: za kichanga zote na sehemu kubwa ya changarawe. Kwenye mbuga tulirudi wiki mbili za mwisho tukakuta hali niliyoihofia. Kipande cha mita 20 kikashuka hadi 12, na tukaamua kuzibua matoleo pekee na kupanga mawe kwenye daraja mfuto la mtoni, lile ambalo maji hupita juu yake. Kituo kimoja kilikarabatiwa, cha pili kilipata tangi la maji bila paa.

Vijana 17 walimaliza. Baada ya mapatano ya chini ya mninga ni mmoja tu aliyeondoka, na aliondoka kwa sababu ya msiba nyumbani. Yule aliyejikata mguuni alirudi wiki ya nane akiwa msaidizi wa mpimaji. Kati ya watano wenye rekodi za zamani, hakuna aliyeshindana na askari yeyote. Mmoja wao alituonyesha toleo la maji la asili tusilolijua, korongo dogo ambalo barabara ilikuwa imelifukia miaka mingi, na kulifungua kulikausha mita mia mbili zilizokuwa zikizama kila masika.

Mvua za Novemba zilipokuja, kichanga kilishika. Changarawe ilishika isipokuwa mteremko mmoja. Mbugani barabara ilikatika mahali patatu na kalavati moja likang'oka. Na hata kichangani, kufika Februari, mitaro ilikuwa imeanza kuziba tena, kama inavyoziba kila mwaka, na hapakuwa na mtu wa kuizibua kwa sababu mikataba ilikwisha Agosti.

Uchambuzi

Kosa lililozaa mengine lilikuwa kuchukua kipimo kimoja na kukitandaza kwenye udongo wa aina tatu. Liliwanyima watu ujira, ndiyo, lakini angalia lilivyosambaa. Wa kichangani walimaliza mapema mno, na ndiyo maana kijana akatembea peke yake hadi kwa nyati. Wa mbugani waliharakisha kwa vifaa butu. Kundi moja likaanza kuliona jingine la wavivu, na lile likaliona hili la wapendwa wa mratibu. Tungetazama tukio la nyati kama suala la nidhamu ya kijana mmoja, tungeandika onyo kwenye ubao na wiki iliyofuata mwingine angepanda mti. Chanzo chake kilikuwa kwenye futi kamba yangu.

Naamini pia, na hapa wenzangu wengine hawakubaliani nami, kwamba kipande chenyewe si kibaya. Kinamheshimu mfanyakazi kuliko nyapara wa kusimama mgongoni, na vijana wale walisema hivyo kwa vinywa vyao. Ubaya unaingia kipimo kinapopangwa na asiyechimba, na pale kisichokamilika kinapohesabiwa sifuri. Hayo mawili ndiyo yaliyomkumba yule mzee wa manamba. Lau ningempa jibu la maana mkutanoni, au ningemwomba aeleze kipande chake kilivyokuwa kikipimwa, wiki mbili zingeokolewa na vijana watatu pengine wasingeondoka.

Mapatano ya chini ya mninga yalifaulu kwa sababu tulichimba kwanza. Nimeshiriki vikao vingi vya malalamiko ambavyo kila upande unaleta maneno. Pale tulileta mita 19, na hakuna aliyebishana nazo. Yalifaulu pia kwa sababu askari alichimba pamoja nami. Kijana aliyewahi kumkimbia alimwona akitoka jasho kwenye mtaro uleule, na kuanzia siku ile walianza kumsalimu kwa jina la mwanawe, Baba Fulani, badala ya afande. Sijui mafunzo gani ya mahusiano ya jamii yangeleta hilo.

Kwenye vifaa sina la kuchambua kwa urefu. Ovaroli, tupa na gambuti ni makosa ya manunuzi, na dawa yake ni kumtuma mwenye kulijua pori aone orodha kabla haijalipiwa.

Uamuzi wa kuhamia kwenye mikuza nimeurudia kichwani mara nyingi. Ulikuwa sahihi kwa Juni. Kilichoshindwa ni Mei. Kazi ya udongo ina dirisha lake, wiki nne au tano baada ya mvua kukatika, na kazi ya nyasi ina lake mara tu baada ya hapo. Zikipangwa hivyo, mbuga inazibuliwa ikiwa laini na mikuza inafyekwa kwa wakati. Fedha ikifika Juni, madirisha mawili yanagongana na moja lazima livunjike. Kwa taasisi za umma tatizo ni kubwa zaidi, kwa kuwa mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na Mei ni mwezi ambao kasma, yaani mafungu ya bajeti, zimekauka. Mwaka ule tuliandika "changamoto ya fedha kuchelewa" kwenye ripoti, sentensi moja, ukurasa wa kumi na moja. Ilistahili kuwa ukurasa wa kwanza.

Kisha kuna la Februari, mitaro ya kichangani iliyoziba tena. Tuliita kazi ile matengenezo, lakini tuliiendesha kama ujenzi: inaanza, inaisha, inapigwa picha, watu wanarudi nyumbani. Mtaro hauishi. Kenya walilitambua hili zamani, kwenye mpango wa barabara za vijijini ulioanza mwaka 1974. Barabara ikishajengwa kwa mikono, mmoja wa waliojenga, anayeishi kando yake, alipewa kilomita chache za kutunza kwa malipo ya siku kadhaa kila mwezi. Anazibua mvua ikinyesha, kabla jembe moja halijawa kazi ya matoroli.

Msimu wa pili tulilijaribu hilo. Vijana wanane kati ya wale 17, wakiwa wawiliwawili kwa ajili ya usalama, walikabidhiwa sehemu za barabara, kilomita tatu hadi sita kwa kila jozi, siku sita za malipo kwa mwezi, Novemba hadi Aprili, wakitoka na doria iliyopangwa kupita njia hiyo. Vifaa walikaa navyo wao, tupa zikiwemo. Jozi ya mbugani ilipewa sehemu fupi kuliko zote, na urefu wake ulipangwa na mpimaji wao.

Masika hayo barabara ilikatika mahali pamoja badala ya patatu, palepale kalavati lilipong'oka, ambapo jembe halitoshi na panahitaji gabioni, vile vikapu vya waya vya kujaza mawe, na saruji. Mikataba ya jozi zile inagharamiwa na salio la mradi, na salio hilo linaisha tarehe 30 Juni. Maombi ya kuwaingiza kwenye bajeti ya kawaida ya pori yamepelekwa mara mbili, na kwa mara ya pili tumeambatisha daftari la mpimaji, mita kwa mita, kwa mwandiko wake.